Kisima kisichoandikwa hakichafuki: namna ya kuingiza maji ya avenyu yako katika dosie ya kiwanda

Miaka 19 nilifanya kazi ya labo (maabara) katika kiwanda cha shaba na kobalti hapa Lubumbashi. Nilikuwa mchotaji wa maji: yale yanayoingia kiwandani, yale ya basen (bwawa la mabaki), na yale yanayotoka kwenda mtoni. Nilitoka na koti jeupe lililotobolewa na asidi, na jina la utani, Papa Labo. Mpaka leo, maji ya mtu yakibadilika rangi hapa kwetu Kampemba, mtoto anatumwa kwangu na chupa mkononi, kana kwamba mimi ndiye Regideso, kampuni ya maji ya serikali.

Mwaka 2019 kiwanda kilicho upande wa juu wa avenyu yetu (sicho kile nilichofanyia kazi) kiliomba kuongeza basen ya pili ya mabaki. Hapo nikagundua jambo la aibu. Nilijua vizuri namna maji yanavyochafuka, ila sikujua ruhusa ya kuyachafua inatolewaje. Nilidhani ni mambo ya Kinshasa. Ni kweli muhuri unapigwa Kinshasa, lakini dosie, yaani faili la maombi, inapikwa hapa, katikati ya paseli zetu, viwanja tunamokaa, na katika mapishi hayo kuna siku chache ambazo mwenye kisima anaweza kutia chumvi yake. Zikishapita, chungu kimefunikwa.

Haya ninayoandika tuliyajua baada ya kukosea kwanza.

Tulivyouza sahihi kwa soda

Mkutano wa kwanza ulifanyika Jumamosi, darasani. Shefu wa kartye (mtaa) alipita asubuhi akisema kuna wageni wa kiwanda. Walikuwa vijana wawili wa biro ya washauri, wamevaa vizuri, wenye adabu. Umeme ulikuwa umekatika, hivyo mashine yao ya kuonyesha picha ukutani haikuwaka. Kijana mmoja akatusomea kutoka kwenye kompyuta yake, kwa Kifaransa, dakika 40. Jirani yangu Mama Mapasa akanigusa bega: "Papa Labo, anasema nini juu ya mayi?" Nikamjibu anasema mambo yote yatakuwa sawa. Halafu zikaja soda, na baada ya soda karatasi ya mahudhurio. Tukatia sahihi wote.

Miezi kadhaa baadaye niliiona karatasi ile. Ilikuwa nyuma ya ripoti kama kiambatisho, na ndani ya ripoti sentensi moja: wakaaji wameelezwa na wanaunga mkono mradi. Hilo liliniuma, lakini kilichoninyima usingizi ni ukurasa wa maji. Waliandika kwamba karibu na mradi kuna visima 4. Avenyu yetu peke yake ina 11. Vile 4 ni vile vilivyo kando ya lami, pale gari lao liliposimama.

Fikiri kidogo. Siku maji ya kisima cha Mama Mapasa yatakapogeuka kijani, mwenye kiwanda atafungua ripoti yake na kuuliza: kisima gani? Hapa hakuna kisima. Na sisi tukisema kabla ya basen maji yalikuwa mazuri, atauliza: kipimo kiko wapi? Kisima kisichoandikwa hakichafuki. Kwa hiyo kabla hujaamua kukipinga kiwanda au kukikubali, hakikisha maji yako yamo katika karatasi. Kupinga kutakuja baadaye, na kutakuwa na miguu ya kusimamia.

Sheria, kwa kiasi cha kukutosha

Mpwa wangu anayesoma sheria pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alinikalisha jioni tatu. Nitakupa yale tu ninayoyatumia.

Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hicho ni kizuri cha kufungulia barua. Nguvu ya kazi iko katika sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, ile ya kanuni za msingi za kulinda mazingira. Kifungu chake cha 21 kinadai mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari. Ndiyo ripoti ambayo kila mtu anaiita kwa herufi zake, EIES. Kifungu cha 24 kinadai uchunguzi wa hadhara ufanyike kabla, wenyewe wanasema anketi piblike. Na kinataja unafanywa kwa ajili gani: kuwaeleza wakaaji, kujua haki ambazo watu wengine wanazo katika eneo lile, na kukusanya maoni, mapendekezo na hata mapendekezo yaliyo kinyume, ili mwenye kuamua awe na habari zote. Hayo ya mwisho mpwa wangu aliyapigia mstari mara mbili. Sheria haikuja kuomba makofi.

Mwendo wenyewe umeelezwa katika dekreti namba 14/019 ya tarehe 2 Agosti 2014. Mwenye kupima ripoti na kutoa cheti cha mazingira ni ACE, yaani Agence Congolaise de l'Environnement, iliyoundwa na dekreti ya tarehe 18 Novemba mwaka huohuo. Kwa migodi na viwanda vyake kuna tena sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Huko utasikia DPEM, idara ya kulinda mazingira ya migodi, ikikaa meza moja na ACE. Utasikia pia PGES: ni mpango ambao kiwanda kinaahidi ndani yake kitafanya nini na mabaki yake, maji yake, vumbi lake. EIES ni maelezo, PGES ni ahadi. Watu hugombania EIES na kusahau PGES, nami naona ni kosa, kwa sababu mtu hashitakiwi kwa maelezo yake kama anavyoshitakiwa kwa ahadi yake.

Kujua kwamba dosie imeanza

Dosie haianzi na mkutano. Inaanza na vijana wenye GPS wanaohesabu miembe. Ukiwaona, usiwafukuze. Avenyu moja jirani iliwatimua kwa mawe, na ripoti ikaandikwa vilevile, bila wao. Wape kiti, wape maji ya kisima chako wanywe (uangalie kama watakunywa), kisha uliza: nani amewatuma, biro yenu inaitwaje, na jina kamili la kampuni ni lipi. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Jina lililo kwenye geti mara nyingi silo lililo kwenye karatasi. Barua yetu ya kwanza tuliiandika kwa jina la geti, ikakaa wiki sita mezani mwa mtu kwa sababu hakuna dosie yenye jina hilo.

Jina la kweli tulilipata CAMI, kadasta ya migodi, ambayo ina ofisi hapa mjini. Ramani yake ni ya kuonwa na umma, na iko kwenye intaneti pia: unatafuta mraba uliofunika mtaa wako, unabonyeza, unaona mwenye haki, aina ya haki na namba. PE ni kibali cha kuchimba. PER ni cha kufanyia kazi mabaki ya zamani. Namba hiyo iandike kwenye kila barua. Kiwanda kinachonunua mawe na kuyasafisha bila kuwa na mgodi hakina mraba. Karatasi zake ziulize kwenye divisheni ya migodi ya jimbo.

Kwa shefu wa kartye nenda mapema, tena na heshima. Yeye ndiye anayeambiwa mwanzo, na mara nyingi hajaelezwa vizuri zaidi yako. Usimwombe akueleze, mwombe akuonyeshe barua aliyoipokea. Wetu alikuwa ameiweka chini ya radio.

Kuhesabu maji: wape akina mama

Tulianza wanaume watatu na daftari la shule. Tukatembea siku nzima, tukapata visima 19, tukajisifu. Mama Mapasa alipoona daftari alicheka hadi akakaa chini. Jumamosi iliyofuata alichukua wenzake wawili, wakarudi na 31. Sisi tulikuwa tumehesabu visima vinavyoonekana kutoka barabarani. Wao wanajua vya nyuma ya nyumba, kile kinachofungwa kwa kufuli, kile cha mjane anayeuzia maji kwa bidoni, na kile ambacho hakikauki mwezi wa kumi wakati vingine vyote vimebaki matope.

Kwa kila kisima waliandika avenyu na namba ya paseli, kina (walishusha kamba yenye jiwe, wakapima kamba), nyumba ngapi zinachota, wanakunywa au wanafulia tu, kilichimbwa mwaka gani, na neno la mwenyewe kuhusu ladha. Usidharau hilo la ladha. Mwanamke mmoja alisema baada ya mvua kubwa maji yake "inakuwa kama umelamba musumari". Mimi wa labo najua hiyo ni lugha ya chuma na shaba, ingawa haitoshi kuwa ushahidi.

Kisha tukashuka mto Naviundu. Tukaandika vitalu vya lengalenga na matembele vinavyomwagiliwa kwa maji ya mto, mahali watoto wanapooga, mahali kanisa moja linapobatiza. Ukienda huko utaona pia kwamba jambo haliishii kwenu: mito yetu midogo inaingia Kafubu, na Kafubu unashuka hadi Luapula, mpakani na Zambia.

Kila kisima tukakipa namba, tukaipaka rangi kwenye mfuniko, tukapiga picha kwa simu iliyowashwa GPS. Cha Mama Mapasa ni namba 17.

Umbali gani uhesabu? Kuna msingi mmoja ninaoupenda. Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa wakaaji wa Katanga. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyushia walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini. Basi tulichora duara la kilomita 3 kuzunguka basen iliyoombwa, tukasema: kila maji yaliyo ndani ya duara hili yanatuhusu. Biro ya washauri ilikuwa imechora mita 500.

Chupa

Hapa nivumilie, hii ndiyo kazi yangu.

Kiwanda cha aina hii hukamua shaba na kobalti kwa asidi ya salfa. Kinachobaki ni tope chachu lenye metali ndani. Hutiwa shokaa ili asidi ife na metali zizame, kisha hupelekwa kwenye basen. Shokaa ni pesa. Kule nilikofanya kazi, siku ya wakaguzi shokaa ilianza kumwagwa tangu alfajiri, na mimi niliambiwa nichote saa nne. Nilichota saa nne. Chupa zangu hazikusema uongo, ila zilisema habari za saa nne tu. Kwa hiyo mtu akikuonyesha kipimo kizuri, kwanza uliza saa.

Kabla basen mpya haijajengwa, wewe unahitaji kipimo cha mwanzo. Usingoje uchafu. Visima vyetu vingi vya hapa vina asidi kidogo kwa asili ya udongo. Bila kipimo cha mwanzo kiwanda kitasema, na kitakuwa na haki, kwamba mlikuwa hivyo tangu zamani. Nunua karatasi za kupimia pH, ni rahisi kutumia: unachovya, unalinganisha rangi. Pima visima vyote, andika tarehe na saa. Kisha chagua vichache vya kupeleka labo, maana labo ni ghali. Sisi tulichagua 5 pamoja na sehemu mbili za mto, moja juu ya kiwanda na moja chini yake. Ile ya juu ndiyo watu husahau. Ukileta maji machafu ya chini bila maji ya juu, hujaonyesha uchafu umeingilia wapi.

Uliza labo ikupe chupa zake mwenyewe. Labo ya Office Congolais de Contrôle au ya chuo kikuu watakueleza wanataka nini. Ya metali hutiwa matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa, nyingine huachwa hivyohivyo kwa ajili ya pH. Usichanganye. Osha chupa mara 3 kwa maji yaleyale utakayochota, isipokuwa ile iliyokwisha kutiwa asidi. Mtoni simama ukitazama maji yanakotoka, chota mbele yako, si pale miguu imevuruga matope. Jaza, funga, andika namba, saa na majina ya walioona. Shahidi wawe wawili, na mmoja asiwe wa familia. Chupa ya soda iliyosuuzwa nyumbani ni bure. Nimeona dosie nzuri ikichekwa kwa sababu ya harufu ya Fanta.

Majibu yakirudi utaona namba za mg kwa lita. OMS, Shirika la Afya Duniani, inapendekeza maji ya kunywa yasizidi 2 za shaba, 0,01 za risasi, 0,01 za aseniki, 0,003 za kadmiamu. Kwa kobalti, ambayo ndiyo wimbo wa mji huu, OMS haikuweka kiwango cha maji ya kunywa. Ukijua hilo mapema, hutaduwaa mtu akisema "kobalti yenu haivuki kiwango chochote". Jibu lake ni kipimo chako cha mwanzo: ilikuwa hivi, sasa ni hivi.

Mkutano wa pili

Tuliuomba kwa barua, tukaupata. Safari hii tulikwenda tumejipanga.

Kitu cha kwanza, lugha. Mzee mmoja alisimama kabla ya salamu kuisha, akasema kifungu cha 1 cha Katiba kinataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa, kwa hiyo aelezwe kwa Kiswahili. Alikuwa na karatasi ya mpwa wangu mkononi lakini hakuitazama. Kijana wa biro, kumbe mzaliwa wa Likasi, alieleza vizuri sana kwa Kiswahili, na ndipo watu walipoanza kuuliza maswali yenye meno.

Pili, karatasi ya mahudhurio. Kando ya sahihi yangu niliandika: nimehudhuria, sijakubali. Aliyenifuata akanakili. Ukurasa wote ukajaa hivyo. Hiyo haikatazwi popote.

Tatu, PV, yaani muhtasari rasmi wa mkutano. Tuliweka mwandishi wetu, binti wa sekondari mwenye mwandiko mzuri, na tukadai PV yao isomwe kwa sauti kabla watu hawajatoka. Maswali matatu hayakuwemo. Yakaongezwa kwa kalamu, wakatia sahihi ndogo pembeni. Mtu akitaka kuondoka mapema kwa sababu ya njaa, mwambie PV ndiyo chakula chenyewe.

Maswali nayo yana ufundi. Ukiuliza "maji yatakuwa safi?" utajibiwa ndiyo. Sisi tuliuliza: shokaa ikiisha usiku, nani anafunga valvu, na ana ruhusa ya kusimamisha kazi? Basen imepimwa kwa mvua ya namna gani, kwa kuwa hapa mvua inaanza mwezi wa 11 na inapiga hadi mwezi wa 4? Ikijaa, itamwagikia upande gani, tuonyeshe kwa kidole kwenye ramani? Chini ya basen kuna plastiki ya namna gani, na ikitoboka mtajuaje? Kati ya basen na kisima namba 17 mtaweka piezometa ngapi, yaani vile visima vyembamba vya kupimia maji ya chini? Majibu ya vipimo yatabandikwa wapi ili Mama Mapasa ayaone bila kuomba ruhusa kwenye geti?

Maswali ya visima waliyauliza wanawake. Mimi nilinyamaza sana siku ile, na nadhani ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya. Mtu akiwa na utaalamu kidogo anapenda kuongea hadi mkutano ukawa wa watu wawili.

Nisikufiche: si wote walifurahi. Vijana wengi wanataka kiwanda kipanuke wapate kazi, na mwanangu wa pili anaendesha lori palepale. Nyumbani tulikula bukari kimya jioni kadhaa. Nilimwambia siombi geti lifungwe, naomba bomba lijulikane linamwaga wapi.

Barua

Ofisini kwetu barua husomwa kwa Kifaransa, kwa hiyo mtafute mwenye Kifaransa cha kuandikia. Lakini mawazo yapangeni kwanza kwa Kiswahili, la sivyo mtapata barua yenye maneno makubwa isiyoomba kitu. Yetu ilikuwa ukurasa mmoja, na kiini chake hiki:

"Sisi wakaaji wa avenyu hizi, tunaoishi chini ya kilomita 3 kutoka mradi wenye namba hii, tumesoma ripoti ya EIES. Ukurasa wa maji unataja visima 4. Tumehesabu 31, orodha, ramani na picha zimeambatishwa. Vipimo vya mwanzo vya visima 5 na mto vimeambatishwa. Kwa kufuata kifungu cha 24 cha sheria 11/009, tunaomba: visima vyote viingizwe katika ripoti; bomba la kutolea maji lihamishwe chini ya vitalu vya mboga; piezometa ziwekwe kati ya basen na makazi; plastiki ya basen iwe ya tabaka mbili; vipimo vya kila mwezi vibandikwe kwenye ofisi ya kartye. Tunaomba jibu kwa maandishi."

Ona kwamba kila ombi ni kitu unachoweza kwenda kukitazama kwa macho. "Tunaomba mazingira yalindwe" hakuna anayeweza kulikagua.

Tulipeleka ACE, na nakala kwa divisheni ya migodi, kwa wizara ya mazingira ya jimbo, kwa burgumestri (mkuu wa komini), kwa kampuni na kwa biro ya washauri. Biro usiiache: wao ndio wanaoshika kalamu, na wanaogopa ripoti yao isirudishwe. Kila mahali chukua akize, muhuri na tarehe kwenye nakala yako. Katibu mmoja alikataa, akasema muhuri umefungiwa. Tukarudi kesho yake watu 6, tukakaa kwenye benchi lake bila kelele. Muhuri ulipatikana kabla ya saa sita. Ukikosa mtu wa kukusaidia kuandika, mjini kuna mashirika yanayoijua kazi hii, kama Afrewatch na PREMICONGO.

Cheti kikishatoka

Kilitoka. Ripoti mpya ilikuwa na visima 29. Viwili viliachwa kwa sababu wenye paseli walikuwa safarini. Bomba lilihamishwa. Piezometa ziliwekwa mbili, tuliziona zikichimbwa. Tabaka mbili za plastiki walikataa, wakasema ni gharama. Kubandika vipimo walikubali, wakabandika miezi minne, kisha ubao ukabaki na tangazo la chanjo.

Basi baada ya cheti ombeni nakala ya masharti na ya PGES, muiweke pamoja na orodha yenu ya visima, na muifuate sharti kwa sharti. Kifungu cha 285 bis cha sheria ya migodi, kilichoingizwa 2018, kinamlazimu mwenye haki ya mgodi kulipa madhara aliyowasababishia watu, mali na mazingira hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Hamna haja ya kuthibitisha kwamba mtu alikuwa mzembe. Lazima muonyeshe madhara na yalikotoka, na hapo mnarudi kwenye daftari la Mama Mapasa. Kifungu cha 27 cha Katiba nacho kinawapa haki ya kupeleka ombi la pamoja kwa mamlaka, ambayo lazima ijibu ndani ya miezi 3. Andikeni kifungu hicho juu kabisa ya ombi, ili anayelipokea aanze kuhesabu. Na serikali ikitaka inaweza: Novemba 2025, maji ya basen ya kiwanda kimoja yalipofurikia mitaa ya komini Annexe hapa Lubumbashi, waziri wa migodi alisimamisha kazi za kiwanda hicho kwa miezi 3.

Sisi bado tunapima. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu hawajachota. Binti wa PV sasa yuko chuo, mdogo wake ndiye anayeandika. Kisima namba 17 kilikuwa na pH 6 mwaka tulioanza. Baada ya mvua za mwezi wa pili karatasi ilitoka rangi ya chungwa, nikaichovya nyingine nikidhani macho yangu, ikawa ileile: 4. Mama Mapasa hakusema neno, alienda kumwaga bidoni alizokuwa amejaza. Chupa zimekwenda labo, ombi limekwenda na kifungu cha 27 juu yake, na nakala yenye muhuri iko katika mfuko wa plastiki juu ya kabati langu. Leo ni siku ya 41.